Babu Wawili wa Ngazija

Mjukuu wangu Nasra,

Marahaba. Huku Mpendae, Unguja, hatujambo. Bibi yako magoti yanamsumbua, ila ulimi mzima.

Unauliza kama huko Ngazija tunaye mtu wa kukutolea ushahidi kuwa asili yetu ni huko, upate uraia. Tunao, tena wamezidi. Ujanani nilikuja huko kwa jambo hilohilo. Nilipomtaja babu yangu Msa, fundi wa kofia, mzee mmoja akanikumbatia: "Damu yetu hii!" Akanilisha wali kwa kuku. Siku ya pili mzee wa kijiji chengine akadai Msa ni wao, naye akanilisha. Wote wawili wakanifuata ofisini, wakagombana mbele ya afisa, kila mmoja akinivuta mkono.

Afisa akachoka. "Kijana, chagua babu mmoja."

Nikawatazama wazee wale, jasho linawatoka kwa ajili yangu. Nikashindwa.

"Nnawataka wote," nikasema.

Nikarudi Unguja bila uraia, lakini kila Idi napigiwa simu na vijiji viwili.

Wewe nenda na mzee wa kijiji kimoja tu. Wa pili usimwambie mpaka uraia utoke, kisha ukale kwa wote wawili.

Nakuombea kheri,
Babu yako