Ulimi wa Ploti Nzima

Jumatatu, 23 Februari

Semesta ya mwisho! Ratiba nimeibandika juu ya jiko: asubuhi chuo, mchana kupika, jioni kwaya. Msimamizi wangu anasema niache muziki hadi nimalize utafiti. Elkanah, mwalimu wa kwaya, anasema nipunguze kupika, watu hawafi kwa kula mkate. Baba hana maoni, anauliza tu kama githeri imeiva. Siachi chochote. Gatwiri mimi nina mikono miwili na mdomo unaofanya kazi ya watatu.

Utafiti: maneno ya Kiswahili wanayotumia akina mama wa Garissa jikoni. Fomu ishirini. Nimejaza kumi na nne. Sita zilizobaki nataka za majirani wa hapa hapa kwenye ploti, lakini kila nikibisha naambiwa kesho. Mwisho ni Jumatatu, tarehe 9 Machi, saa sita mchana. Nikichelewa, sihitimu mwaka huu. Sina wasiwasi. Haya, kidogo ninao.

Jumatano, 25 Februari

Nimepata cheo!

Saa kumi na moja jioni Saynab, jirani yetu—Mama Idman—aliniita juu ya ukuta. Anapika futari, amefunga, hawezi kuonja. Wengine huweka kwenye ncha ya ulimi wakatema, lakini yeye roho yake haikubali. Ploti nzima wasiofunga ni mimi na Baba, na Baba ukimpa hata gundi atasema tamu. Nikaonja mchuzi wa mbuzi. Nikamwambia chumvi bado kidogo, na iliki imepita kipimo. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe unajua chakula, abaayo." Yaani dada, kwa Kisomali.

Basi habari zikaenea! Kufika saa kumi na mbili nilikuwa nimeonja sufuria nne. Kaltun wa chumba cha pembeni aliniletea yake mpaka mlangoni. Na wale wa kesho-kesho? Sasa wananiambia njoo Jumapili na karatasi zako, tutakaa. Wote sita. Mwezi mzima nimewafuata na kalamu, kumbe walikuwa wanangoja nije na kijiko.

Jumamosi, 28 Februari

Haraka haraka. Leo kwa Mama Idman kuna wageni kutoka Elwak, watu wa kijana anayemposa Idman. Na mimi mazoezi. Tamasha la kwaya ni Jumamosi ijayo, wimbo wa tatu ni wangu—nimeutunga mwenyewe, maneno na sauti zote nne, na mwimbishaji ni mimi. Boda ilikuwa inanguruma getini nilipoitwa kuonja. Nikachungulia ukutani. Harufu safi kabisa! Nikasema iko sawa, Mama Idman, iko sawa kabisa. Nikaruka kwenye boda.

Mazoezi yamewaka moto. Elkanah hakunikosoa hata mara moja. Kwa Elkanah hiyo ni zawadi.

Jumapili, 1 Machi

Chumvi mara mbili.

Idman alitia saa tisa. Mama yake akatia saa kumi. Hakuna aliyemwambia mwenzake, na hakuna aliyeonja. Aliyepewa kazi ya kuonja ni mimi.

Idman ndiye aliyenisimulia, getini, nikitoka kanisani, bila hata salamu. Wageni walifungua kwa tende, wakaswali, wakakaa kula. Vijiko vitatu. Kisha jagi la maji likaanza kuzunguka. Mama wa kijana, Barwaqo, akauliza kama leo wamealikwa watu ama ngamia wa kulambishwa chumvi. Mimi nikacheka, nikidhani ni mzaha wa kunichekesha. Idman hakucheka.

Nikazunguka na fomu zangu sita hivyo hivyo. Kaltun kichwa kinamuuma. Wa pili amelala. Wa tatu aliniona dirishani akashusha pazia. Kwa Mama Idman sikubisha, nilifika mlangoni nikarudi.

Jumanne, 3 Machi

Hakuna aliyeniita. Saa kumi na moja kila jiko linanukia vitunguu, nami niko ndani nasonga ugali wa watu wawili. Nimeujaribu wimbo wangu, umegoma. Baba akauliza kwa nini naimba kama niko matangani.

Wanadhani ulimi wangu ni mbovu. Ulimi wangu ni mzima kabisa! Ndilo linalonikera. Ningekuwa nimeonja nikakosea, ningelala vizuri. Mimi nilidanganya.

Alhamisi, 5 Machi

Nimesema.

Mama Idman alikuwa anaanika nguo. Nikasimama ukutani, nikamwambia sikuonja. Nilikuwa na haraka ya kwaya, nikasema sawa kwa harufu tu. Akaendelea kuanika. Shuka mbili, kanzu moja, soksi za mtoto. Ndipo akasema bora ningemwambia sina nafasi. Akaingia ndani.

Nimeona aibu. Neno hilo silitumii sana, lakini leo ni langu.

Msimamizi ameniambia kumi na nne si ishirini, na Jumatatu ni Jumatatu.

Jumamosi, 7 Machi

Naandika jikoni kwa Mama Idman, nyuma ya fomu tupu. Nitaibandika humu baadaye.

Tamasha ni saa kumi na mbili. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa nimeshavaa joho la kwaya, boda iko getini. Nikasikia sauti ya Mama Idman ukutani: kuja onja. Wageni wa Elwak wamealikwa tena, na safari hii mambo yakiharibika Idman ataolewa na nani? Nikaenda na joho langu. Dakika mbili tu, nikajiambia.

Barwaqo, mama wa kijana, alikuwa amesimama juu ya sufuria, mwiko mkononi. Amesema leo chumvi anatia yeye mwenyewe. Na alikuwa ametia! Nikachota, nikapuliza, nikameza. Wueh! Chumvi tupu! Idman ananitazama, mama yake anatazama sakafu, Barwaqo ananitazama kama askari wa kizuizi cha barabarani. Haki ya nani, nilitamani ningekuwa nimefunga.

Ningesema sawa, ningewahi tamasha.

Nikasema, "Mama, chumvi imezidi. Imezidi sana."

Akauliza huyu ni nani. Nikamwambia ni mimi niliyesema iko sawa juma lililopita, na sikuwa nimeonja.

Idman aliacha kukunja sambusa.

"Na leo umeonja?"

"Leo nimeonja."

Akaniachia mwiko.

Boda nimeiambia iende. Nimechota nusu ya mchuzi kando, nimeongeza maji moto na nyanya, nimekimbia nyumbani kuchukua viazi kwenye gunia la Baba. Vinachemka sasa. Joho lina mafuta kifuani, litatoka ama halitatoka.

Simu imelia. Elkanah hakuandika neno, ametuma sauti tu. Nimeisikiliza sikioni nikiwa nimegeukia ukuta. Wimbo wangu! Njambi, mwenzangu wa kwaya, ameshika nafasi yangu. Anaimba vizuri—hata pale juu ambapo mimi huteleza yeye amepita bila kugusa. Nimeumia. Nimeumia mpaka nikakaa chini. Na hapo chini nikasikia watu wanapiga makofi kabla wimbo haujaisha. Nimetunga kitu, bwana! Nimekitunga mimi, na sikuwepo.

Dakika sita kabla ya adhana. Wanaume wamekaa mkekani, tende mbele yao. Tende na swala zitatupa muda kidogo, si mwingi. Fomu tano tupu ziko kwenye mkoba, sithubutu kuzitoa mbele ya Mama Idman.

Barwaqo amenipa kijiko tena. Anauliza, sasa? Ni ile sauti ya mtu anayetaka kuambiwa ndiyo.

Nimeonja. Nimemwambia bado.

Amefungua mdomo kubisha, na Mama Idman amempita, ameinama, anaongeza makaa chini ya viazi vyangu—