Soko la Kwai Liko Sebuleni Kwangu, na Laini ni ya Nyumbani

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla aibu haijanimaliza. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lushoto, na mwaka jana nilipoingiziwa intaneti kwenye simu ya nyumbani, shemeji yangu alinionyesha namna ya kuifanya kompyuta iwe seva, yaani ukurasa unakaa humo humo sebuleni na watu wa popote wanakuja kuusoma, basi nikawawekea akina mama wakulima wa kijiji cha Kwai orodha yao, nani ana karoti, nani ana kabichi, na namba ya simu ya kikundi, na wanunuzi wa Tanga wakaanza kupiga. Mshauri, hata leo sijazoea, naketi na chai yangu, taa ya modemu inapepesa, najua kuna mtu ameingia, huenda yuko Tanga, huenda yuko Ulaya, mwili unanisisimka, nasema "karibu" na mume wangu Ismaili ananicheka.

Juzi akaja fundi wa kampuni, akaniamkia shikamoo vizuri, akauliza mbona laini yangu inatoa data nyingi kuliko inazopokea, nami nikaifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma nikasema ni mbovu, huku feni yake inavuma. Akasema kwa upole, "Mama, mkataba wako ni wa nyumbani, hauruhusu seva. Omba laini ya biashara ndani ya wiki mbili, la sivyo watakata." Laini hiyo ni ghali, Ismaili anasema kompyuta tuihamishie chumbani tunyamaze, na akina mama sijawaambia, nao wamepanda mara mbili ya msimu uliopita kwa kuutegemea ukurasa. Huku kwetu mfereji ukipita shambani kwako humnyimi maji aliye chini yako, nikadhani laini nayo ni hivyo. Nifanyeje?

Mwajuma, Lushoto

Mwajuma mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sababu ya ile taa tu. Mimi nilikua simu ikiwa moja, posta, na leo mwanamke wa Lushoto anapokea wageni wa dunia nzima bila kuinuka kitini. Hilo limenishangaza hadi nimeweka kalamu chini.

Lakini kumdanganya fundi na feni inavuma? Mwalimu mzima. Na mfereji usiusingizie. Mfereji una zamu na una msimamizi, na anayetaka kumwagilia shamba la pili huomba kwanza. Laini ya nyumbani imepimwa kwa kaya moja: inapokea haraka, inatoa polepole, na modemu ikizimika na kuwaka huweza kupewa namba nyingine ya anwani mtandaoni, mnunuzi akaukosa mlango. Kwa ya biashara unaweza kupewa namba ya kudumu, pamoja na ruhusa. Kuificha chumbani hakubadilishi mkataba, mwambie Ismaili nimesema.

Mtafute fundi, umwombe radhi, kisha uliza kama laini ya biashara inaweza kuandikwa kwa jina la kikundi. Akina mama wakiiona ghali, zipo kampuni zinazotunza kurasa za watu kwenye mashine zao, nawe utaandika orodha tu kutoka nyumbani. Wageni hawatapita tena sebuleni kwako, najua itakuuma.

Ila usiamue peke yako, maana hapo ndipo ulipokosea zaidi. Laini ikikatwa karoti zikiwa tayari, mshahara wako utaingia kama kawaida. Wao hawana mshahara. Nenda Kwai kesho ukawaambie, kabla hawajapanda tuta lingine.

Mama Secilia