Jina Langu Linafunga Mabao Ng'ambo

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Alhamisi, 14 Machi.

Mpendwa dada Kiberiti,

Pokea salamu zetu sisi tuliobaki. U hali gani na baridi ya huko? Goti limepona, au bado unamdanganya daktari wa timu? Sisi tu wazima wa mwili, ila roho yangu haijatulia, na sababu utaisoma hapa chini.

Bao lako la Jumapili tuliliona kwa kinyozi. Baba alisimama na povu nusu ya kidevu, akatangazia duka zima kwamba huyo ni binti yake.

Sasa dada, kaa chini. Unajua nimepata kazi ya kuoka mikate hotelini, ng'ambo, na naanza mwezi ujao. Juzi nilikwenda kuomba pasipoti. Karani akaandika jina langu na tarehe ya kuzaliwa, akanitazama juu mpaka chini.

"Dada, wewe pasipoti unayo. Na uko ng'ambo, unacheza mpira."

Akanigeuzia kompyuta. Jina langu, tarehe yangu, sura yako, na lile kovu la nyusi. Nilipigwa na butwaa. Jezini wanakuandika jina la babu, ambalo ni letu sote, kwa hiyo miaka tisa nimekushangilia bila kushtuka kitu.

Nilimkuta Mama anafua. Hakukana. Kocha wa timu ya vijana alitaka wasiozidi miaka kumi na saba, wewe ulishafika kumi na minane, mimi nilikuwa na kumi na mitano, basi Mama akakupa cheti changu cha kuzaliwa. Baadaye kikarudi kabatini kimya kimya. Nikamuuliza kama hakuniwaza hata kidogo.

"Wewe ulikuwa mtulivu, mwanangu. Nilidhani hutakwenda popote."

Maneno hayo yameniuma kuliko kitendo chenyewe. Nawe ulijua! Kila mwaka unanipigia simu siku yangu ya kuzaliwa, unacheka, kumbe unaisherehekea na wewe. Nimekukasirikia sana, na bado nakupenda, sijui nifanyeje.

Mama ana dawa yake: nichukue cheti chako, niwe mkubwa kwa miaka mitatu, yaishe. Nimekataa. Vyeti vyangu vya chuo cha uokaji vina jina langu, na mikono iliyoungua kwenye oveni ni yangu. Najua nikisema kweli watakufungia, labda usiguse mpira tena. Usingizi umenipaa kwa hilo.

Karani ametaka nirudi Jumatatu na mzazi mmoja. Mama hataki kusikia. Baba, ambaye hakujua lolote, hajawasha redio tangu juzi. Asubuhi hii nimemkuta anapaka viatu rangi. Amesema tutakwenda wote.

Barua hii namkabidhi kipa wenu, aliyekuja likizo na anarudi kesho, ili uyasikie kwangu kabla ya kuyasikia kwa kocha.

Shangazi na mapacha wake wanakusalimu sana. Wao hawajui bado. Mama amenituma nikuombe msamaha kwa niaba yake. Nimemwambia aanze na mimi.

Mungu akushike mkono popote utakapokuwa Jumatatu.

Wako akupendaye hata sasa,
Mdogo wako.