Figo ya Shangazi Uliyozikwa Nayo

Baba,

Sijamwambia mtu. Siku za mnada, Mama akishaondoka, mimi ndiye niliyekukaangia ngozi ya kuku. Mara nyingine niliyeyusha mafuta ya mbuzi, ukachovya ugali mpaka bakuli likang'aa. Kisha nililisugua kwa majivu, na maboga yako ya kuchemsha nikawapa kuku, Mama aamini umeyala.

Daktari wa Dar alisema mbele yangu: figo aliyokupa Shangazi ni nzima, ila mafuta kwenye damu yamezidi, na dawa za kuilinda figo nazo zinayaongeza. Usipoacha vyakula vya mafuta, moyo utashindwa. Nilisikia. Lakini ulinichekesha: "Zuhura, mbuzi anakula majani tu, mbona ana mafuta?" Na kila aliyekuja kukuona hapa Nachingwea alikusifu umenenepa, umepona. Nami nikaamini mashavu yako kuliko karatasi ya vipimo.

Miaka saba figo haikukusumbua. Moyo ndio uliosimama, asubuhi, ukiwa unafunga kamba za viatu.

Kuna jambo linanitisha. Baba mdogo alikuwa bado anatafuta gari la kwenda Nambilanje kumpa Shangazi taarifa, mara tukamwona Shangazi mwenyewe anaingia uani, vumbi hadi magotini, mkono ubavuni, kwenye kovu alipotolewa figo. Alikuwa ameondoka kwao alfajiri, wewe ukiwa bado mzima. Hakuuliza kitu. Alisema tu, "Hapa pamepoa."

Tangu arobaini yako anakaa nasi. Shule nimemaliza, kwa hiyo nampikia mimi. Jana nilikaanga kuku. Akaja mlangoni, akanitazama sana.

"Wewe binti, harufu hii naijua. Nikiwa shambani kwangu ilikuwa inanijia hapa ubavuni, siku za mnada. Nashiba, na sijala."

Niligeukia jiko nikifuta macho. Nikasema moshi umeniingia machoni. Alikaa pale mpaka kuku akaiva, halafu akakataa kula.

Shangazi nitamwambia mwenyewe. Nakuahidi, kabla korosho hazijaanza kuanguka. Na sitampikia tena mtu kitu ninachojua kinamdhuru, hata anichekeshe vipi.

Pumzika, Baba. Mwanao Zuhura nakuomba moja tu: mpaka nipate sauti ya kusema, siri hii ikae kwako. Figo ya Shangazi mnalala nayo huko chini. Tafadhali, usiiambie.