Nilimpa Jirani Kifaa cha Kusomea, Amekifungia Kabatini

Mama Eufrosina mpendwa,

Mungu akulinde wewe na nyumba yako. Nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza, padri wetu ni kijana na ana haya kunishinda, na watu wa hapa mjini Siret nikiwaeleza watacheka mpaka wakae chini. Mimi ni fundi wa redio na mashine za kufulia, shule niliishia darasa la nane, mke wangu Paraskeva alifariki mwaka jana wakati wa kuvuna viazi, watoto hatukujaliwa, kwa hiyo nyumbani niko mimi na mlio wa friji.

Sasa Mama, majira ya baridi yaliyopita nilijinunulia kile kifaa cha kusomea vitabu. Sijui kama umewahi kukishika! Ni chembamba kama kipande cha mkate, kioo chake hakiumizi macho, kinafanana na karatasi kweli, unasoma hata bustanini juani, ukitaka herufi ziwe kubwa kama kunde zinakuwa, chaji inakaa majuma, na ndani unaingiza rafu na rafu za vitabu, Zaburi, maisha ya watakatifu, hata hadithi za wapelelezi, nisamehe. Siku nilipokiwasha nilifurahi hata nikageukia jikoni nikaita, “Paraskeva, njoo uone maajabu!” Jina lilishatoka mdomoni ndipo nikakumbuka.

Jumapili nikakipeleka kwenye uwanja wa kanisa niwaonyeshe wanaume wenzangu. Mmoja wao, Gavril, akakigeuzageuza, akaniuliza, “Kinapiga simu?”

“Hakipigi.”

“Kinaonyesha mpira?”

“Hakionyeshi. Ni cha kusoma tu.”

“Basi wamekuibia, Toader. Kingeweza angalau kukata jibini.”

Wakacheka, nami nikacheka nao, nikarudi nyumbani na kifaa changu ndani ya koti.

Ikafika kumbukumbu ya mwaka. Unajua desturi yetu, mtu hutoa kikombe, blanketi, kiti, kwa ajili ya marehemu, na kile anachotumia aliyepewa hapa, marehemu naye anakuwa nacho kule. Paraskeva alipenda sana kusoma lakini miaka yake ya mwisho macho yalimwacha, Zaburi alikuwa akisema zile alizozikumbuka tu, na mimi nikawaza, huko aliko apate kifaa chenye herufi kubwa. Nacho ndicho kitu nilichokipenda kuliko vyote ndani ya nyumba, na sadaka ya kutoa usichokipenda ni sadaka gani? Nikamfutia hadithi zangu za wapelelezi, nikaviacha vitabu vitakatifu, nikakifunga pamoja na mshumaa na mkate wa mviringo, nikampa Aglaia wa ng'ambo ya barabara, mjane, umri wake na wa Paraskeva ni mmoja na macho yake pia yanafifia. Akapokea kwa mikono miwili, akasema, “Mungu awapokee marehemu wako.” Nikalia mbele za watu.

Tangu hapo nikawa nangoja aniambie kitu. Juzi nikakutana naye dukani kwenye foleni ya mkate, nikashindwa kujizuia.

“Jirani, kifaa kinaendeleaje?”

“Kimelala salama, jirani. Nimekizungushia taulo, nimekiweka kabatini chini ya picha takatifu ya Mama wa Mungu.”

“Hujakiwasha hata mara moja?”

“Mimi? Na vidole hivi? Nikiharibu kitu cha marehemu nitamwambia nini Mungu?”

Mama, ina maana Paraskeva wangu kule amekaa na kitu kilichofungwa kwa taulo! Nikaenda kwa dada yake, Saveta, nikamwambia nataka kuvuka barabara nikamfundishe Aglaia kukitumia. Akaweka chini kisu cha vitunguu.

“Shemeji, ulitoa sadaka au ulipeleka posa?”

“Saveta, acha maneno hayo!”

“Aliyetoa kwa ajili ya roho hafuati kitu chake mlangoni kwa watu. Dada yangu hata nyasi hazijamshika vizuri kaburini.”

Kwa desturi amesema kweli, ukifuata ulichotoa ni kama unakidai. Kwa hiyo nakaa dirishani, naiona taa ya jikoni kwa Aglaia, najua saa hizi anakula peke yake kama mimi, na kati yetu kuna barabara hata lori mbili hazipishani. Nikuambie na la mwisho, maana wewe hunioni uso. Si kwa ajili ya Paraskeva tu. Natamani mtu mmoja wa kumwambia, tazama, bonyeza hapa, umeona? Je, namkosea mke wangu? Nivuke au nikae?

Toader, fundi

*

Toader ndugu yangu,

Pole. Mwaka mmoja ni muda mfupi mno kuzoea kula peke yako. Hilo nimelisema kwa moyo wote, sasa nikugombeze.

Kwanza, mwache Paraskeva apumzike. Kila Jumapili unakiri ufufuo kwa sauti, halafu unaamini Bwana amemweka mkeo mahali asipoweza kusoma mpaka Aglaia abonyeze kitufe? Aliyewafumbua macho vipofu hangoji chaji.

Pili, desturi naiheshimu, lakini wewe na Saveta mmeisoma vibaya. Kinachokatazwa ni kudai. Ukimpa mtu jiko la kuni, utaogopa kumwonyesha bomba la moshi linafunguliwaje? Kifaa umekitoa, namna ya kukitumia umebaki nayo mfukoni. Hiyo ni nusu ya sadaka. Kamalizie.

Saveta usimchukie. Amempoteza dada, na anaogopa kwamba siku utakayocheka jikoni kwa mwingine, dada yake atakuwa amekufa mara ya pili. Nenda kwake kabla ya Jumapili, mwambie waziwazi, “Shemeji, baada ya ibada navuka kwa Aglaia, twende wote.” Akikataa, umeshamwambia, hujajificha. Upite lango la mbele, mchana kweupe, kofia mkononi.

Kuhusu lile la mwisho uliloniambia kwa sababu sikuoni uso: kutamani mtu wa kuzungumza naye si dhambi, na si usaliti. Ila usimtume marehemu akubishie hodi. Bisha mwenyewe.

Na sasa lile lililoniuma. Kwa barua yako najua unene wa kifaa, kioo chake, chaji yake. Kuhusu Aglaia najua macho tu, na taa. Ni mjane, naye pia ana marehemu wake. Hukuniambia hata jina la mumewe. Anapenda kusoma nini? Anapenda kusoma kweli? Miaka yote hiyo barabara moja, na hujui.

Kwa hiyo akifungua mlango, kifaa usikitaje. Muulize hali, kaa pale atakapokuonyesha, kisha unyamaze mpaka amalize kujibu, hata akichukua alasiri nzima.

Mama Eufrosina