Kamongo Ni Ndugu

Izigo, Muleba

Mdogo wangu Dastan,

Hatujambo. Ule mti wa mbuni uliokuwa ukijificha juu yake tukiitwa kuchota maji bado unazaa.

Juzi redio ilisema wataalamu wamegundua kwamba kamongo, yule samaki wa matopeni anayepumua kwa mapafu, ana undugu wa karibu na binadamu kuliko na sangara. Baba akacheka: “Ndiyo maana ukoo wetu haumli!” Kisha akazima redio. Nikajua anakuwaza wewe, uliyefukuzwa naye kwa sababu ya kipande cha kamongo ulichokula harusini Hamugembe.

Baadaye akasema, “Mwandikie. Kumbe alimla ndugu tu. Hapa Izigo wanaokula ndugu zao ni wengi, na hatujawafukuza.”

Macho yake yamefifia. Kahawa yako ya kutafuna ameiweka pembeni, wageni hawaigusi. Njoo angali anakutambua. Samaki usilete.

Dada yako anayekungoja,
Restituta