Kovu la Baba ni Dogo Mno

Mshauri mpendwa, sauti isiyonitoka masikioni ni kishindo cha kochi likitua sakafuni, kwa sababu nilipotoka jikoni nilikuta aliyelibeba ni baba, fundi wa makochi, ambaye wiki mbili tu nyuma alikuwa amelala mbele ya daktari wa upasuaji, naye sasa alisimama pale akitabasamu.

Mshipa mkuu unaotoa damu moyoni ulikuwa umevimba ndani ya kifua chake, nami nilijiandaa kwa kifua kupasuliwa, mfupa kukatwa, miezi ya kuugulia, lakini daktari alifungua tundu dogo kwenye kinena, akapitisha mrija wa kitambaa uliokunjwa, akaupandisha ndani ya mishipa huku akiutazama kwenye skrini, akaukunjua palepale penye uvimbe, damu ikapata njia mpya, na tangu hapo nikiiona mikono ya daktari yule naistaajabia. Ila uzuri wa kazi ile ndio unaotuponza. Baba anawaambia wateja alichomwa sindano tu, dawa za presha anameza akikumbuka, na picha ya uchunguzi ameikataa. Daktari alimweleza masharti ya baada ya upasuaji, yeye akasikia alichotaka. Mama na mjomba wamenikataza nisimwambie kwamba uvimbe ule ungeweza kupasuka wakati wowote, wanasema hofu itampandisha presha na lawama itakuwa yangu. Nikisema naogopa, nikinyamaza naogopa zaidi. Nifanyeje?

Binti wa Fundi

*

Binti, pole, na hongera kwa kumpata daktari mwenye mikono hiyo. Sasa nikukaripie kidogo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nanyi mnaficha maradhi ya mtu mwingine, tena mnamficha mwenyewe. Mama na mjomba wanampenda, sikatai, lakini mapenzi yao hayajamzuia kubeba kochi. Usimtishe, mheshimu. Mwombe daktari mrija wa mfano, umwekee baba mkononi. Fundi humwamini fundi. Kisha mwambie yote kwa sauti ya kawaida. Na makochi wabebe wenye mishipa yao ya kuzaliwa.

*

Mshauri, sikungoja mjomba akubali. Daktari alitupokea ofisini kwake, akampa baba mrija. Baba aliuvuta, akaugeuza, akapitisha ukucha kwenye mshono mmoja mmoja.

“Waya, kitambaa, uzi,” alisema. “Aliyeshona kitu hiki ana mkono wa fundi. Na hiki kiko ndani yangu?”

Nikamwambia kiko, kisha nikamwambia na lile nililokatazwa. Mrija ukiwa bado kiganjani, alimgeukia daktari na kuuliza chumba cha kupigia picha kiko wapi.

Mama hasemi nami tangu asubuhi. Baba yuko ndani anapigwa picha, nami nimekaa kwenye benchi nje ya mlango, koti lake mapajani.